Ngaramtoni si Mtoni

Msafiri anayetoka Arusha mjini kwa barabara ya Namanga hukutana, baada ya kilomita chache tu, na majina mawili yaliyo jirani: Ngaramtoni na Olmotonyi. Mtu wa pwani huyapokea kwa nyuso mbili. La kwanza humkaribisha kama jamaa, kwani ndani yake husikia "mtoni", naye ametoka katika nchi yenye Mtoni ya Unguja na Mtoni ya Dar es Salaam. La pili humsimamisha mlangoni. Ulimi hutafuta pa kulishika, usipate. Huendelea na safari yake akidhani kuwa amepita mahali pawili, hapa pa Waswahili na pale pa wenyeji.

Kumbe majina hayo ni ndugu. Katika Kimaa, lugha ya Wamaasai na ya Waarusha wanaolima miteremko ya Mlima Meru, "engare" ni maji na "motonyi" ni ndege. Kiambishi "en-" hutaja kilicho cha kike au kilicho kidogo, na "ol-" hutaja cha kiume au kilicho kikubwa. Hivyo olmotonyi ni ndege mkubwa, na aghalabu anayekusudiwa ni tumbusi. Ngaramtoni nayo, ikirejeshwa katika sikio lililoizaa, ni maji ya ndege. Umbo lake ni lile lile la Ngarenaro, mtaa wa Arusha mjini ambao jina lake ni "engare narok", maji meusi. Na la Ngare Nanyuki, upande wa pili wa mlima, ambako maji yametajwa kwa wekundu wake. Hapana "mtoni" katika majina hayo. Huyo aliingizwa na sikio la Kiswahili, sikio lisiloweza kukuta silabi zinazofanana na neno lake bila ya kuzifanya neno lake. Na kwa kuwa mahali penyewe hapakosi maji, kosa lilipata kivuli cha kujificha. Lau Ngaramtoni ingekuwa jangwani, mtu angeuliza kwa nini paitwe mtoni, na katika kuuliza angefika kwa ndege.

Je, pana dhuluma yoyote hapo? Wapo watakaosema hapana. Majina, watasema, ni wasafiri. Kila wanapofika hubadili nguo, wala hakuna aliyekufa kwa sababu maji ya ndege yamekuwa mto. Jawabu hilo linatosha maadamu watu wanatumia jina kwa kuelekezana njia. Linaanza kupungukiwa siku mtu mmoja anapoketi na kalamu kuandika kitabu cha majina: kamusi ya mahali, daftari la koo, shajara ya nasaba. Hapo jina linaacha kuwa kidole cha kuonyesha njia na kuwa ushahidi. Na ushahidi, katika sheria zote za waungwana, una masharti yake.

Waingereza wamekwenda mbali katika kazi hii, na njia yao inastahili kutazamwa kabla ya kusifiwa au kukataliwa. Chama chao cha kuchunguza majina ya mahali kiliasisiwa mwaka 1923, nacho kimekuwa kikitoa majuzuu, jimbo baada ya jimbo, mpaka zama hizi. Mwaka 1936 ikatoka kamusi ya Oxford ya majina ya mahali pa Uingereza, na mwaka 1958 P. H. Reaney akatoa kamusi ya majina ya ukoo. Mtunzi wa ile kamusi ya 1936 hakuwa Mwingereza hata kidogo. Alikuwa Eilert Ekwall, profesa wa Chuo Kikuu cha Lund nchini Sweden. Wenye mji walifasiriwa majina ya vijiji vyao na mgeni, wakaridhika, na sababu ya kuridhika kwao ni kwamba mgeni yule hakufasiri kwa sikio lake. Kanuni ya fani hiyo ni moja na ni kali: jina lisifasiriwe kwa umbo lake la leo. Litafutwe umbo lake kongwe kabisa lililoandikwa, liwekwe na mwaka wake, lifuatwe na maumbo mengine kwa mpangilio wa miaka, ndipo mtu athubutu kusema lina maana gani.

Mfano wa York unatosha kuonyesha kwa nini. Mji huo ulikuwa na jina la Kiselti, ambalo wengi hulihusisha na mti uitwao yew. Warumi walipolitia katika lugha yao likawa Eboracum. Waingereza wa kale walipofika, wakasikia ndani yake "eofor", neno lao la nguruwe mwitu, wakapaita Eoforwic, makazi ya nguruwe mwitu. Kisha wakaja watu wa Skandinavia, wakalikunja jina katika kinywa chao likawa Jórvík, na kutoka hapo York. Nguruwe wa York ni yule yule "mtoni" wa Ngaramtoni: amezaliwa na sikio la mtu aliyekuja baadaye, akafanana mno na mwenyeji hata akahesabiwa katika ukoo. Kamusi njema haimfukuzi. Humwandikia mahali pake, kwamba alifika wakati fulani, na kwamba kabla yake palikuwapo mwengine.

Lakini vitabu hivyo havikuota hewani. Chini yake pana daftari la Domesday la mwaka 1086, ambalo mfalme William aliliamuru ili ajue nani ana nini, na anapaswa kutozwa kiasi gani. Pana madaftari ya makanisa, yaliyoamriwa mwaka 1538, ya ubatizo, ndoa na mazishi. Pana usajili wa serikali wa vizazi na vifo ulioanza mwaka 1837. Mwenye kutafuta babu zake Uingereza leo hula chakula kilichopikwa na mtoza kodi na kasisi, na wala hakuna ubaya katika kula. Ubaya ni kusahau mpishi alikuwa akimpikia nani. Hata hivyo, matunda yake hayakanushiki. Fukara wa Kiingereza aliyekufa karne nne zilizopita, asiye na shamba wala kaburi lenye jiwe, aghalabu ana jina na siku ya kubatizwa kwake. Mtu aliyepitishwa katika forodha ya Unguja karne moja na nusu iliyopita ili auzwe alihesabiwa kwa kichwa, kwa ajili ya ushuru. Tofauti baina ya wawili hao haikuwa katika utu wao.

Huko Meru maandishi yalifika pamoja na bunduki. Mwezi Oktoba 1896 wamisionari wawili wa Kilutheri, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa katika nchi ya Wameru. Majeshi ya Kijerumani kutoka Moshi, chini ya Kapteni Johannes, yakaja kulipiza, yakachoma na kuteka ng'ombe kwa Wameru na kwa Waarusha. Mnamo mwaka 1900 likasimama Boma la Arusha, ambalo leo ni jumba la makumbusho. Majina mengi ya mlima huo yaliingia katika ramani na madaftari kwa mikono ya watu wa Boma na waliowafuata. Na pwani isijitoe katika hesabu hiyo, kwani kabla ya Mjerumani misafara yetu sote inayoijua historia ilikwishapita nyanda za chini, na ndiyo iliyozigawa "Arusha Juu" na "Arusha Chini" kwa maneno ya Kiswahili, kama mtu anavyogawa vyumba vya nyumba ya mwenziwe.

Haina maana kwamba kabla ya wino watu hao hawakuwa na daftari. Waarusha na Wamaasai hupanga wakati wao kwa marika. Talala, Terito, Seuri ni majina ya marika. Na mzee aulizwapo jambo lilitukia lini hajibu kwa mwaka, hujibu kwa rika lililokuwa likishika mikuki siku hizo. P. H. Gulliver, katika kitabu chake cha mwaka 1963 juu ya Waarusha, alionyesha jinsi marika na koo zinavyobeba hukumu na mapatano yao. Na Thomas Spear, katika kitabu chake cha mwaka 1997 juu ya wakulima wa Mlima Meru, aliyatumia marika hayo kama ngazi ya kuhesabia miaka, hata akafika nyuma ya mwanzo wa karne ya 19, wakati Waarusha wa kwanza walipopanda mlimani kutoka nyanda za kusini. Daftari la rika lina fadhila moja ambayo la kanisa halina: halimwandiki mtu peke yake. Humwandika pamoja na waliotahiriwa naye, waliopigana naye na waliomzika. Lina upungufu pia, nao si mdogo. Ni daftari la wanaume.

Kama kuna mtu anayedhani bado kwamba majina ya mahali ni mapambo, na aitazame Ngare Nanyuki. Mwezi Novemba 1951 serikali ya Kiingereza iliwahamisha Wameru wapatao elfu tatu kutoka huko ili ardhi ipewe walowezi wa kizungu wafugie ng'ombe. Nyumba zikachomwa na kubomolewa. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet, Mmeru, alikwenda New York kulisimamia shauri hilo mbele ya Umoja wa Mataifa, na baadaye, mwaka 1967, yeye na wakili Earle Seaton wakalichapisha katika kitabu. Shauri la namna hiyo, ukiliondolea vifungu vya sheria, ni ugomvi wa vitabu viwili. Katika kitabu cha serikali, ardhi ina mipaka iliyopimwa na matumizi yaliyopangwa. Katika kitabu cha waliohamishwa, kisichoandikwa, kila kijito na kila kilima kina jina, na kila jina lina aliyezikwa chini yake. Mwenye kuuliza "nani aliyepaita hapa hivi?" anauliza pia, atake asitake, "nani alikuwa hapa kwanza?" Ndiyo maana wakoloni wa kila taifa hupenda kubadili majina, na ndiyo maana sikio linalobadili jina bila kukusudia hulifanyia ukoloni kazi ya bure.

Mpaka hapa hoja yaelekea upande mmoja: andika jina kama lilivyosemwa na wenyewe, andika la kale kabla ya jipya, wala usifiche kitu. Msomaji wa visiwani atakuwa amekwisha kuhisi mahali hoja hiyo itakapokwama. Itakwama nyumbani.

Pwani ina vitabu vya majina tangu kale. Habari za Kilwa na wafalme wake zilifika kwa João de Barros wa Ureno, aliyezichapisha mwaka 1552. Na hati ya Kiarabu ya habari hizo, iliyonakiliwa Unguja, ilichapishwa na S. A. Strong mwaka 1895. Zote mbili zinamtaja mtu aliyetoka Shirazi na wanawe, wala hazikubaliani katika kila jina. Kwa muda mrefu wanahistoria wamebishana iwapo Shirazi hiyo ni kweli au ni vazi la heshima. Mwaka 2023 jarida la Nature lilitoa uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya pwani na bara yake, na jawabu lake halikumpendelea mbishani yeyote. Kuchanganyika kulianza mnamo mwaka 1000; upande wa Asia uliotangulia, hasa wa Uajemi, uliletwa zaidi na wanaume; na zaidi ya nusu ya asili ya wengi wa watu hao ilitoka Afrika, kwa mama zao. Kiswahili kimeupatia ujuzi huu neno la ajabu. Vinasaba: nasaba ndogo ndogo. Na hizo ndogo zimetaja kile ambacho nasaba kubwa, zilizoandikwa kwa wino mwekundu na mweusi, zilikipita kimya. Fulani bin Fulani bin Fulani, mpaka Shirazi. Na katika safu nzima hakuna mama.

Kimya hicho ni cha aina moja. Kipo kingine kilicho kizito zaidi. Siti binti Saad, ambaye sauti yake iliingia katika sahani za santuri na ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake, alizaliwa Fumba mnamo mwaka 1880, na jina alilopewa ni Mtumwa. Lile tulijualo lilikuja baadaye, pamoja na sifa. Wangapi walioitwa Mtumwa, au waliopewa jina la siku waliyonunuliwa au la neema aliyoitarajia bwana, hawakupata umaarufu wa kuwabadilishia jina? Baada ya amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa, waliotaka uhuru wao iliwapasa kwenda mahakamani kuuomba, na majina yakaandikwa. Wengine walichukua kabila la bwana wao. Wengine wakajiita Waswahili, wengine Washirazi. Wengi wakakaa Ng'ambo, na Ng'ambo nayo ni jina la kuzingatiwa: hapawi ng'ambo ila kwa aliyesimama upande wa pili. Hori lililotenga mtaa huo na Mji Mkongwe limekwisha kufukiwa, na wenyewe bado huita nyumbani kwao kwa jina lililotungwa na jicho la jirani.

Sasa aje mtafiti wa nasaba, mwenye bidii ya Ekwall na kanuni yake kali, akute katika karatasi kuukuu kwamba babu wa familia fulani yenye heshima aliandikwa miongoni mwa walioachwa huru. Afanye nini? Mwanahistoria atamwambia achapishe, maana mficha uchi hazai. Kimya kimewanufaisha mabwana peke yao, na kila jina linalofichwa ni mtumwa aliyezikwa mara ya pili. Mzee wa mtaa atamwambia astiri. Atamkumbusha kuwa aibu ya maiti aijuaye mwosha, na kwamba mwosha, akishamaliza kazi yake, hatoki barazani kuisimulia.

Wote wawili wana haki, lakini si juu ya kitu kimoja. Mzee anamsemea aliye hai, ambaye kesho ataposa, au binti yake ataposwa, katika mji ambao bado unapima watu kwa mizani ya zamani. Mwanahistoria anamsemea aliyekufa, ambaye hana wa kumposea tena, na ambaye hakuwa na aibu yoyote ya kustiriwa. Hili la mwisho ndilo linalosahauliwa. Sitara ya pwani imemfunika mtumwa ili kumlinda mjukuu wake, na katika kufunika imekubali kimoyomoyo kwamba utumwa ulikuwa aibu ya aliyefanywa mtumwa. Aliyepaswa kuona haya ni mwingine, naye jina lake limeandikwa kwa fahari katika kila shajara. Mwosha anaweza kunyamaza juu ya jeraha la maiti. Hawezi, kwa kunyamaza huko, kusema kwamba hapakuwa na aliyemjeruhi.

Kwa hiyo amana ya mwandishi ina ncha mbili. Anamdai wafu kwa ukweli na anadaiwa na walio hai kwa ruhusa. Jina la aliyeuzwa litajwe, tena litajwe kwa heshima iliyokosekana alipoitwa; kiungo kati yake na mtu anayeishi leo katika nyumba inayojulikana kibaki mikononi mwa mtu huyo, aseme au asiseme. Kanuni hii ni ngumu kuliko kufichua yote na ngumu kuliko kuficha yote, na itakosewa mara nyingi. Mji mdogo hauna siri ndefu.

Na sharti hilo la ruhusa linapanda pia mlimani. Mahali panapoitwa kwa jina la ukoo, au penye mti wa matambiko, pana wenyewe, na wengine wao hawapendi maana yake iwekwe dukani. Ekwall hakukutana na jambo hili. Waingereza wa kale aliowafasiri hawakuwa na wajukuu wa kuja kugonga mlango wakilalamika. Mwenye kuandika kitabu cha majina ya Meru atawakuta wenyewe wamekaa chini ya mti, wanamtazama.

Vifaa vya kuanzia kazi hiyo havikosekani. Padri Frans Mol alichapisha kamusi yake ya lugha na utamaduni wa Kimaasai mwaka 1996, na baadaye Doris Payne na Leonard Ole-Kotikash wakaandaa kamusi nyingine ya Kimaa inayopatikana katika intaneti. Ramani za Kijerumani na za Kiingereza zipo, na tahajia zao mbovu zina faida yake, kwani kila tahajia ni sikio la siku fulani. Kinachokosekana ni kitabu chenyewe. Kamusi za Kiswahili ni vitabu vya maneno, si vya majina, na mtoto wa shule ya Arusha atajua kwa urahisi zaidi maana ya York kuliko ya Ngarenaro. Ajabu ni kwamba jina ambalo pengine atalieleza bila kusita ni Unga Limited, mtaa uliorithi jina la kampuni ya kusaga nafaka. Jina jipya lisilodai mfasiri, kwa sababu waliolitunga waliliandika ukutani.

Namna ya kukiandika kitabu hicho inafahamika Olmotonyi kwenyewe. Hapo ndipo kilipo Chuo cha Misitu, kilichoasisiwa mwaka 1937, na wanafunzi wa misitu hufundishwa mapema kwamba jani lililokaushwa na kubandikwa katika karatasi halina thamani mpaka liwe na kipande cha maandishi pembeni: mti uliotoka, jina wanalouita wenyeji na kwa lugha gani, mahali ulipokutwa, tarehe, na nani aliyelichuma. Jani bila ya kipande hicho ni takataka, hata likiwa zuri.

Karatasi ya Ngaramtoni ingeandikwa vivyo hivyo. Juu, jina kama linavyotamkwa na Mwarusha mzee, pamoja na rika lake. Chini yake, kila umbo lililoandikwa, na mwaka wake. Kisha maana ya maji na ndege, na hoja zake. Kisha, katika mstari wake wenyewe, "mtoni", pamoja na maelezo kwamba ndivyo walivyosikia waliokuja kutoka pwani, na ndivyo wengi wanavyosikia sasa. Na ikiwa mzee amesema jambo jingine kuhusu mahali hapo, kisha akaomba lisiandikwe, karatasi ibaki na nafasi tupu, yenye tarehe.